Data za bure za darubini ya Fermi: nimeutafuta mwenyewe mporomoko wa IC 443

Nilichukua data za Fermi, darubini ya NASA ya miale ya gama iliyoko angani, nikitafuta kitu kimoja tu: mporomoko wa miale ya gama, yaani mng'ao wake kushuka ghafla, chini ya MeV 200 (MeV ni kipimo cha nishati, eV milioni moja; GeV ni MeV elfu moja) kwenye IC 443, masalia ya supanova, yaani ya nyota iliyolipuka, yale ambayo picha zake hufanana na yavuyavu. Mwaka 2013 watafiti wa Fermi waliutangaza, hapo na kwenye masalia mengine, W44, kuwa ni alama ya pioni, chembe zinazodumu kitambo kidogo mno. Protoni zilizoongezewa kasi na wimbi la mlipuko hugonga gesi, huzaa pioni zisizo na chaji, na kila moja huvunjika papo hapo ikawa fotoni mbili za gama. Elektroni peke yake ni vigumu kutoa umbo hilo. Protoni kama hizo zikisambaa angani ndizo miale ya kosmiki, nayo hupindwapindwa na usumaku wa galaksi hata ikifika kwetu haitwambii ilikotoka. Fotoni huja moja kwa moja.

Huduma ya kuomba data hizo mtandaoni haina ada wala kuomba kibali. Data ziko wazi tangu 2009. Unajaza fomu: jina au majira ya unachokitafuta, upana wa duara, tarehe, nishati. Niliomba nyuzi 15 kuzunguka IC 443, kuanzia Agosti 2008, nikaletewa faili za fotoni na faili ya mwendo wa setilaiti. Nilipofungua jedwali nilikaa kimya kwa muda. Kila mstari ni fotoni moja: nishati yake, upande ilikotokea, na wakati ilipofika, kwa sekunde zinazohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 2001. Baadhi ya mistari ile imesafiri kama miaka nuru 5,000.

Kazi iko kwenye nishati za chini, na hapo ndipo lazima uwe na subira. Kwenye GeV 1 mwelekeo wa fotoni unajulikana kwa takriban nyuzi 0.8; kwenye MeV 100 unatawanyika hadi kama nyuzi 5. Sasa, pulsa (kiini cha nyota iliyokufa kinachozunguka kwa kasi) ya Geminga, inayong'aa kuliko IC 443, iko nyuzi 6 tu kutoka hapo, na ile ya Nebula ya Kaa nyuzi 10. Mwanga wao unamwagikia shamba lako. Usipoziweka zote mbili kwenye modeli ya anga unayolinganisha na data, unachopima si IC 443.

Mara ya kwanza nilisahau pia kukata fotoni zinazotoka ukingoni mwa dunia, yaani zenye pembe ya zenithi (pembe kutoka utosini mwa setilaiti) zaidi ya nyuzi 90. Pointi za nishati za chini kwenye grafu yangu zikapanda badala ya kushuka. Fotoni hizo nazo ni za miale ya kosmiki, ikigonga hewa yetu na kuzaa pioni zilezile! Nilirudia yote, gtltcube, programu inayokokotoa darubini ilitazama kila sehemu ya anga kwa muda gani, ikakesha usiku kucha, na asubuhi pointi za chini zilikuwa zimeshuka. Mipaka ya mashaka ni mipana, lakini mteremko upo.

Huduma hii naipa tano kwa tano, ila ujue kipimo chake. Inakuonyesha protoni zikiongezewa kasi. Haikufikishi kwenye protoni zenye nishati ya eV milioni bilioni 3, ambazo chanzo chake bado kinabishaniwa. Kwa nishati za juu zaidi kuna darubini za ardhini kama H.E.S.S. ya Namibia.

Ukianza, anzia juu ya GeV 1, uyaone masalia yamesimama peke yake, ndipo ushuke polepole. Mimi nimeshaomba faili za W44.