Fundi wa kibodi za zamani Mlango Mmoja, Mwanza: njano inatoka, rangi inashika, ila uwe na subira

Nianze na la muhimu kabisa. Kama una kibodi ya zamani imegeuka njano, au vitufe vimechoka unataka vipate rangi mpya, usimpe mtu anayeshika kopo la spreyi kabla hajakuuliza hiyo plastiki ni ya aina gani. Mpelekee huyu fundi wa Mlango Mmoja. Simtaji jina kwa sababu hana bango na sijamuomba ruhusa ya kumtangaza, ila ukifika pale kwa mafundi redio na simu ulizia fundi wa kibodi, watakuonyesha.

Mimi nina steshenari Nyegezi, njia ya kwenda chuo kikuu cha SAUT, yaani kuanzia asubuhi mpaka usiku ni kuchapa tu, risechi za wanafunzi, sivii, barua za maombi ya kazi, katiba za vikoba, kadi za michango ya harusi, kila kitu. Kibodi ndiyo inanilisha. Na hizi mpya za bei rahisi kwa kweli kwangu hazikai, herufi zinafutika, A na E ndio za kwanza kupotea, halafu vitufe vinaanza kunata unabonyeza mara moja zinatoka herufi tatu. Ndio maana nimekuwa mtu wa kutafuta zile za zamani, na huyu fundi nilimpelekea mbili kwa mpigo.

Moja ni IBM Model M. Nilipata kwenye mnada wa vifaa chakavu vya ofisi, watu wote wanagombania viti na meza, hii imetupwa kwenye boksi na nyaya. Ina zaidi ya kilo mbili aisee, ndani kuna bati la chuma. Model M zilianza kutoka 1985, hii yangu stika ya nyuma imeandikwa 1989, na kila kitufe kina springi yake ambayo ukibonyeza inapinda ghafla, ndio unasikia ule mlio wa tak tak, na kidole kinajua kabisa kwamba herufi imeingia. Ukishazoea kuchapia hiyo nyingine zote unaona unabonyeza ugali. Ya pili ni kibodi ya miaka ya 90, jina lilishafutika, kava lake lilikuwa rangi ya maziwa zamani lakini lilishageuka njano mbaya, hasa upande wa namba ambao naona ndio ulikuwa unaangalia dirisha.

Nilichompendea huyu mzee ni kwamba hakuanza na bei. Nilimwamkia, akapokea zile kibodi, akang'oa kitufe kimoja kimoja kutoka kila moja, akachukua glasi ya maji akakoroga chumvi nyingi, akavitumbukiza vyote viwili. Kile cha IBM kikazama mpaka chini. Kile cha ile nyingine kikapanda juu kikaelea. Akanigeukia, "Umeona ng'wanawane (yaani mwanangu), hiki kilichozama ni PBT, naweza kukipika na rangi. Hiki kinachoelea ni ABS, hiki nikikiweka kwenye moto kitapinda, kwa hiyo chenyewe tutakitoa njano tu, rangi mpya sikipi." Na ni kweli kabisa, PBT na ABS ni aina mbili za plastiki, na PBT ni nzito, ujazo ule ule inaizidi ABS kwa kama robo hivi, kwa hiyo maji ya chumvi yanazitenganisha bila kuharibu kitu. Wapo wanaopima kwa asitoni, ABS inayeyuka, PBT haishtuki, ila kwa asitoni ukikosea sehemu ya kupima umeshaweka alama. Chumvi haiachi alama.

Sasa kwa nini PBT inakubali rangi? Hapa ndipo nilipojua kwamba nipo kwa mtu anayeijua kazi. PBT ni ukoo mmoja na poliesta, hii hii ya mashati na jezi. Kwa hiyo rangi inayotakiwa ni ile ya kutia vitambaa vya poliesta, siyo ile wanayotumia akina mama wa batiki, ile ni ya pamba, kwenye plastiki inapita juu tu ukiosha imeondoka. Yeye anatumia Rit DyeMore, anaagiza, na ndio maana bei ya rangi iko juu kidogo. Anapasha maji moto kwenye sufuria ambayo ni ya kazi hiyo tu haipikiwi chakula, anaweka rangi na matone ya sabuni ya maji, halafu ana kipimajoto, anayaweka maji kati ya nyuzi 80 na 90 hapandishi mpaka yachemke. Vitufe vinaingia, anakoroga taratibu, kila baada ya muda anatoa kimoja kwa kijiko anakisuuza anakiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, siyo kwenye taa, anasema taa inadanganya. Rangi inaingia ndani ya plastiki yenyewe. Haibanduki kwa kucha, nimejaribu.

Mimi nilitaka vile vitufe vya kijivu vya pembeni, Shifti, Kontroli, Enta na wenzake, viwe damu ya mzee. Akakataa. Akasema, "Dada, maandishi ya hapa ni meusi na yamezama kwenye plastiki, hayafutiki, lakini nikiweka damu ya mzee juu ya kijivu hutayaona tena, na wateja wako wakikaa hapo watakusumbua." Rangi ya kupika inaongeza giza tu, haiwezi kufanya kitu kiwe cheupe zaidi ya kilivyokuwa, kwa hiyo chochote unachochagua lazima kiwe kizito kuliko rangi ya mwanzo lakini kisifikie maandishi. Tukakubaliana bluu bahari kwa vya pembeni, Enta na Esc rangi ya chungwa, na vile vya herufi vibaki rangi yake ya maziwa. Jamani imetoka vizuri! Bluu imetulia, maandishi yanasomeka hata jioni umeme ukiwa hafifu, na ile chungwa kwa kuwa chini yake kuna kijivu imekuwa kama ya udongo hivi, mimi nimeipenda zaidi kuliko ingekuwa inang'aa. Kitufe kimoja cha Kontroli kimetoka cheusi kidogo kuliko mwenzake, ukiangalia kwa makini utaona, na nilimwambia, akasema kilikaa chini ya sufuria karibu na moto. Hakuna namna ya kukirudisha. Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kutaka vyote vifanane kabisa mwambie mapema apike vichache vichache.

Kwenye kutoa njano ndipo nina lawama.

Njano ya ABS inaletwa na mwanga na hewa na miaka. Wengi wanalaumu bromini iliyowekwa kuzuia moto, ila ABS yenyewe ndani ina sehemu ya mpira, na ule mpira ukipigwa na mwanga unaungana na oksijeni unabadilika rangi. Dawa yake imejulikana tangu 2008 kwa wapenzi wa kompyuta za zamani, wanaiita Retrobright, na kiini chake ni haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga mkali wa jua. Huku kwetu huihangaikii, nenda duka lolote la vifaa vya saluni ununue ile krimu ya divelopa ya kuchanganyia rangi ya nywele, iliyoandikwa 40, hiyo ina asilimia 12 ya peroksaidi. Na jua la Mwanza unalijua, tuko karibu na ikweta halafu tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lenyewe linafanya kazi kuliko hizo taa maalum za kazi hii wanazonunua wenzetu Ulaya.

Fundi alifungua kava, akatoa ndani yote, waya, springi, stika ya nyuma akaifunika, akapaka krimu na glavu mkononi (na hapa nisisitize, hii kitu ikikugusa ngozi inakuwa nyeupe na inawasha vibaya sana, na machoni ndio kabisa usicheze), akafunga na nailoni ile nyembamba ya vyakula, akaweka juu ya bati. Kumbe sehemu moja nailoni iliachia, krimu ikakauka pale, na nilipokuja kuchukua upande wa juu una mabaka, sehemu nyeupe sehemu njano, kama ngozi ya mtu aliyejichubua. Nilisikitika kwa kweli. Haya mabaka ndio ugonjwa wa njia ya krimu popote inapotumika, mahali inapokauka au kuwa nyembamba panatoka tofauti, na fundi wa kiwango chake alitakiwa awe anapita kuigeuza na kuipaka tena kila saa.

Ila alivyolishughulikia ndivyo ilivyonifanya niandike haya yote. Hakubisha, hakusema "mbona iko sawa tu". Alisema mzigo ubaki. Akatafuta boksi la plastiki linaloonyesha, akajaza maji na peroksaidi ya maji, akalizamisha kava lote, akaweka jiwe lisielee, akaliacha juani huku analigeuza. Kuzamisha kunatoa rangi sawasawa kwa sababu dawa inagusa kila sehemu kwa kiasi kilekile. Na hakuniongezea hata mia. Sasa hivi kava limekuwa rangi ya maziwa moja, mabaka yote yamekwisha, na mteja mmoja ameshaniuliza hii mpya umenunua wapi.

Na alinieleza bila kuficha kwamba njano inaweza kurudi. Hii ni kweli, watu waliofanya miaka ya nyuma wanaona inarudi taratibu hata kibodi ikikaa kabatini, kwa hiyo usifikiri umemaliza milele. Ndio maana kwangu thamani ya hela iko kwenye vitufe vya PBT vya kupikwa rangi, hivyo havirudi nyuma, kuliko kava la ABS la kung'arishwa. Pale kwake nilikuta pia Apple Extended Keyboard II ya mtu, vitufe vyote viko safi isipokuwa ile ndefu ya nafasi imegeuka njano peke yake. Nikauliza kwa nini, jibu ni lile lile, vitufe ni PBT, ile ndefu ni ABS. Ndani ya kibodi moja!

Kitu kingine alichonifanyia ambacho sikukiomba, Model M zina shida ya ndani, lile bati limeshikwa na vijipini vya plastiki na miaka ikienda vinakatika kimoja kimoja, kibodi inaanza kulegea na mlio unafifia. Yangu ilikuwa imekatika mingi, ukiitikisa unasikia vipande vinacheza. Alinipigia simu kwanza kuniuliza kama aendelee, akatoboa kwa drili ya milimita 1.5 na kuweka bolti ndogo za M2 na nati zake kila palipokatika. Kazi ya kuchosha. Mlio umerudi, na wa safari hii ni mkavu, yaani raha kuchapia. Hata kuifungua tu siyo kila fundi, zile skrubu za nyuma ni za kichwa cha pembe sita cha milimita 5.5 na ziko ndani sana kwenye tundu jembamba, bisibisi ya kawaida haifiki, nimeshaona watu wamezivunja kava kwa kulazimisha.

Bei, nililipa elfu 40 kwa kupika rangi ya vitufe, elfu 20 kwa kutoa njano, na zile bolti elfu 50. Siyo rahisi. Unaweza kununua kibodi mpya kadhaa kwa hela hiyo na mtu akikuambia hivyo hajakosea, inategemea unachapa kiasi gani kwa siku. Kwangu inalipa.

Mabaya mengine, risiti hana, anaandika kwenye daftari, kwa hiyo piga picha mzigo wako kabla hujauacha, hasa uhesabu vitufe. Muda wake usiuamini, akikwambia wiki hii jua linaweza kukosekana, na kipindi cha masika usimpelekee kabisa kazi ya njano, kava litakaa pale linasubiri mawingu yaishe. Vitufe vya kupika havihusiani na jua, hivyo mpelekee hata mvua inanyesha. Na spreyi hapigi kwenye vitufe, wapo wanaomlazimisha, anakataa, sababu vidole vitaikwangua ndani ya muda mfupi na rangi itaingia pembeni vitufe vishindwe kupanda na kushuka. Kwenye kava ukitaka sana atapiga, msasa kwanza na praima, ila mimi nisingeshauri.

Ukienda nenda na waya wake, wa Model M unachomoka nyuma na watu wanaupoteza, na kuupata mwingine hapa mjini ni shughuli. Kama kompyuta yako haina lile tundu la zambarau la mviringo basi tafuta kigeuzi cha USB chenye saketi ndani, vile vidogo visivyo na kitu ndani Model M haviikubali, utafikiri fundi kaharibu. Na kama una hilo tundu la mviringo zima kompyuta kwanza ndipo uchomeke, usichomeke inawaka. Asubuhi ndio muda mzuri wa kumkuta, mchana anakuwa juu ya bati na mabeseni yake na hasikii mtu akigonga.