Tahadhari: anayejidai kulipa faini za gari za Qatar kwa nusu bei

Nimekaa kimya siku kumi, kwa aibu na kwa kuwa nyumba ilikuwa na msiba. Leo nasema. Yule bwana wa ofisi ya tiketi hapa mjini, anayesema anafuta faini za gari za Qatar kwa nusu bei, ni mwizi. Amenila shilingi 2,250,000 na amemkosesha mdogo wangu kumzika baba yake.

Mzee, baba yetu, alikuwa mahututi; hali yake mnaijua, siirejei. Jumatatu daktari alipotwambia tuwaite walio mbali, nikampigia mdogo wangu Doha. Akanambia, "Dada, tiketi nitapata, lakini nna faini ya taa nyekundu." Riyali 6,000. Na kule tangu tarehe 1 Septemba 2024 mwenye deni la faini za barabarani hatoki nchini, si kwa ndege, si kwa gari, si kwa bahari, mpaka alipe. Dereva wa kupelekea watu vyakula majumbani, riyali 6,000 azitoe wapi kwa siku mbili?

Ndipo nikamwendea yule bwana. Na asinilaumu mtu kwa kumwamini. Khalati alikwenda Umra kwa mkono wake, akarudi salama. Anasali msikiti mmoja na mume wangu, safu ya mbele. Kiarabu kinamtoka kama maji. Na alichonambia nusu yake ilikuwa kweli: Qatar kweli walitoa punguzo la asilimia 50 kwenye faini kuanzia Juni 2024, hata mdogo wangu aliwahi kunitajia wakati ule. Alichonificha ni kuwa punguzo lile lilikuwa na muda, na muda wake ulishapita zamani.

Jumanne asubuhi alinikalisha mbele ya feni, akaniagizia chai ya maziwa ambayo sikuigusa. Akachukua simu, akaiweka spika, akampigia mtu. Wakazungumza Kiarabu kama dakika tano, wakacheka, wakaulizana watoto. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu, "mukhalafa, mukhalafa," na neno lile nalijua, ndilo mdogo wangu analoitia faini. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, kweli wanazungumza jambo letu. Alipokata simu akanigeukia kwa upole kabisa: "Mwanangu, Mungu amekufungulia. Rafiki yangu yuko idara ya trafiki. Tukilipa kabla ya Adhuhuri, jina linatoka leo hii hii."

Akavuta kikokotoo. Riyali 3,000, ndiyo nusu ya faini, mara shilingi 700 kwa kila riyali. Akanigeuzia nione mwenyewe: 2,100,000. Juu yake akaweka 150,000 ya yule rafiki. Ilikuwa saa tano na robo, na Adhuhuri ile nilikuwa naiona inanijia mbio. Kwenye simu nilikuwa na 1,400,000. Nikateremka ngazi mpaka kwa sonara, nikavua bangili mbili alizoniachia mama, nikauza bila ya kubishana bei. Niliporudi ule mkono nilikuwa nauficha ndani ya buibui, sikutaka auone mtupu.

Nusu saa baadaye akanichapishia risiti. Nembo, muhuri wa rangi ya damu ya mzee, mistari ya Kiarabu. "Mwambie apande ndege." Niliipiga picha nikaituma Doha nikiwa bado kwenye ngazi, na wallahi nilimwombea dua yule mtu. Dua!

Jumatano usiku mdogo wangu kafika uwanja wa ndege wa Hamad, hukohuko Doha, sanduku limeshaingia, na ndani yake mna kanzu ya Mzee. Pale uhamiaji afisa akamwonyesha kwenye kompyuta: 6,000, haikupungua hata riyali moja. Akatoa simu, akamwonyesha risiti. Afisa akaitazama mara moja tu, akamrudishia simu yake. Ndege ikaondoka. Alkhamis Mzee tukamzika, mlikuja wenyewe. Wenzake walimchangia, akalipa, akafika Jumamosi, na kutoka uwanja wa ndege tulimpeleka moja kwa moja makaburini Mwanakwerekwe, kaburi bado bichi.

Nilipomfuata yule bwana, kwanza ati mtandao wa kule unachelewa. Kisha njoo kesho. Sasa mlango una kufuli na kijana wa duka la chini anasema amekwenda Pemba.

Dalili zilikuwepo. Kitambulisho cha Qatar kina tarakimu 11, na kwenye risiti yangu zimeandikwa 10. Sikuzihesabu. Namba ya gari hakuniuliza hata mara moja. Na zile pesa za kwenye simu alinitaka nizitume kwa namba yenye jina la mwanamke. Mwenye faini kule anaiona mwenyewe kwenye Metrash, programu ya simu ya serikali ya kule, au kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Qatar, na hukohuko analipa. Mdogo wangu Metrash haikumfungukia kwa sababu laini yake ina jina la mwenzake. Basi mtu aende ofisi za trafiki za hukohuko, na asitoke kwenda uwanjani mpaka aone deni limefutika kwenye mtandao wenyewe, si kwenye karatasi ya mtu.

Lakini huyu nataka afungwe. Si kurejesha pesa tu, afungwe. Anyang'anywe leseni ya tiketi, na wanaompa wazee wetu kuwapeleka Umra wamwondoe leo. Mtu anasikia baba wa mwenzake anakata roho, anampigia hesabu! Hasbiyallahu wa ni'imal wakil.

Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi naenda polisi Madema na risiti yangu, na ujumbe wa simu wa zile pesa. Nimesikia wapo kina mama wengine wawili, mmoja ana mtoto hukohuko Doha, na wamenyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Njooni na karatasi zenu. Nitakungojeni nje ya lango mpaka saa tatu, ndipo niingie.