Pampu yangu ya kuoshea vioo, na duka moja la Kigoma mjini

Jamani, hili nimekaa nalo moyoni tangu kiangazi, leo nalitoa. Kuna duka hapa Kigoma mjini, jina silitaji, liliniuzia pampu ndogo ya betri ya kuoshea vioo vya madirisha, na fundi wao akanifungia kwenye guta langu. Nililipia vyote viwili, pampu na ufundi. Pampu ni zile za volti 12 zenye utando wa mpira ndani, wenye kazi hii mnazijua. Nataka mjue nilivyofanyiwa.

Mimi nafanya usafi wa majengo. Anayeishi hapa anavijua vioo vya mji huu. Kiangazi vumbi jekundu linaganda, na ukiosha kwa maji ya bomba, ambayo ni maji ya Ziwa Tanganyika, kioo kikikauka kinabaki na madoa meupe, maana ziwa letu lina madini mengi. Upande unaotazama ziwa ndiyo balaa, jua la alasiri linakausha maji kabla hujashusha brashi. Kwa hiyo natumia maji yaliyochujwa mpaka madini yametoka, yanakaa kwenye tangi juu ya guta, pampu inayapandisha kwa mpira hadi kwenye brashi. Maji hayo yana gharama. Yakikatika katikati ya kioo, tope linakaukia palepale na unarudia mwanzo kwa hela yako mwenyewe.

Basi siku hiyo nilikuwa kwa mteja mpya, jengo liko kwenye mteremko wa kushukia ziwani. Nikawasha. Pampu inanguruma, maji hayaji. Yanatema kidogo, yanakata, yanatema, yanakata. Nafungua tangi naona maji yako nusu! Meneja amesimama kibarazani ananitazama. Kijana wangu juu kashika brashi kavu. Kazi ile niliikosa, na mteja yule hajanipigia tena hadi leo.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta, umri wa kitindamimba wangu, hakuinuka, shikamoo hakunipa, macho yako kwenye simu. Nikamweleza taratibu kwamba pampu inavuta hewa, naomba fundi aje aangalie alivyofunga. Akanijibu hivi: "Mama, mimi nauza pampu. Hewa hujainunua hapa." Wenzake wakacheka.

Nimefanya biashara na watu wa Mwanga, wa Ujiji, wa Kibirizi. Nimeongea na wavuvi waliokesha ziwani wakarudi bila dagaa. Hakuna aliyewahi kunijibu vile. Nilitoka pale mikono inatetemeka, na nikasema pampu hizi ni takataka, asinunue mtu.

Hapo kwenye pampu lakini nitasema vingine, subirini.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja Ujiji, fundi wa mashine za maji. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanipa kiti kwanza. Kisha akalizunguka guta bila kushika spana. Akauliza, "Nani kakufungia hivi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

Yule fundi wa duka alikuwa ameiweka pampu juu ya ubao, juu ya tangi, eti isirukiwe na maji. Mpira wa kuvutia ukatoka chini ya tangi, ukapanda, ukapinda juu ya mfuniko, ndipo ukashuka kwenye pampu. Mzee akanionyesha pale kwenye pindo: hewa yote inakwenda kukaa hapo, kwa sababu ndipo juu kabisa. Pampu hizi zina uwezo wa kujivutia maji, ni kweli, lakini kwa nini uihangaishe? Ukiiweka chini ya usawa wa maji, yanaifuata yenyewe.

Kisha akachukua povu la sabuni kwenye kidole, akalipaka pale mpira unapoingia kwenye pampu, palipofungwa kwa kamba ya plastiki, wala si klipu ya chuma. Akawasha. Jamani, lile povu liliingia ndani! Nililiona kwa macho yangu linanyonywa kwenye ufa, mara halipo. Akaniambia upande wa kusukuma ukiwa na tundu utaona maji yanavuja, lakini upande wa kuvuta, pampu ikiwa inafanya kazi, hauvuji tone, unaingiza hewa kimyakimya. Unaweza kutazama siku nzima usione kitu.

La tatu ni mteremko wetu. Toleo la tangi, yaani tundu maji yanapotokea kuingia kwenye mpira, lilikuwa nyuma. Guta likielekea ziwani maji yote yanakimbilia mbele, toleo linabaki wazi, na tangi bado lina nusu. Mji wenyewe ni miinuko mitupu, fundi wa hapahapa alikosaje kulifikiria hilo?

Mzee akateremsha pampu hadi kwenye sakafu ya guta, akakata mpira ukawa mfupi na usio na pindo, akaweka ule mgumu unaoonyesha ndani ili nione mapovu yakipita. Klipu za chuma, tepu nyeupe kwenye nyuzi za toleo, chujio likasafishwa. Akanifundisha pia namna ya kuanza kazi: fungua koki ya brashi kwanza, ndipo uwashe, maji yamwagike mpaka yatoke mfululizo. Koki ikifungwa huku kuna hewa ndani, pampu inaibonyeza tu ileile, inabonyea na kuachia, maji hayavutwi. Ikigoma kabisa, chomoa mpira wa kutolea pale kwenye pampu, uache imwage kwenye ndoo. Na nikiegesha kwenye mteremko, upande wa toleo ndio ukae chini.

Tangu hapo pampu ileile, betri ileile, inapandisha maji ghorofani bila kukohoa. Mapovu machache asubuhi, yanapita kwenye mpira, yanaisha. Kwa hiyo ile takataka niliyoitamka naifuta. Pampu ni nzuri, nunueni.

Hata kule dukani bei yao si mbaya, ningeweza kusema nendeni mkanunue pampu peke yake, fundi mje naye... Hapana. Nikikumbuka kile kicheko siwezi kumwelekeza mtu pale. Yule kijana alijua, au angeweza kuuliza mwenzake aliyefunga. Klipu moja ya chuma na dakika chache za kusikiliza, mteja wangu ningekuwa naye. Mzee wa Ujiji alitaka hela kidogo mno hadi nikamwongezea, nao waliochukua hela ya ufundi kamili wakanicheka.

Hela ya ufundi bado naidai. Risiti ninayo, na wiki hii naenda tena, safari hii namtaka mwenye duka mwenyewe.