EA Sports College Football 25: usajili mtamu, hesabu ya kikosi ngumu

Tangu NCAA Football 14 ya mwaka 2013, mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo walisubiri hadi Julai 2024 ndipo kampuni ya EA ikawaletea gemu nyingine. Utamu wake mkubwa uko nje ya uwanja, kwenye Dynasty: unashika ukocha wa chuo kimoja kati ya 134, hadi misimu 30, na kazi inayokula muda wako ni kusajili vijana wa sekondari.

Kila wiki unapewa saa za usajili, na ubao wako unabeba majina 35 tu. Ofa ya ufadhili wa masomo inagharimu saa 5, kumchunguza kijana 10, kumwandikia ujumbe 10, kuzungumza na ndugu na marafiki zake 25, na kumwendea kwa nguvu zote 50. Wageni wa gemu humwaga 50 kwa kila kijana wa nyota tano (kiwango cha juu kabisa), kisha saa zinawaishia huku vyuo vikubwa vikiwapiku. Chuo kidogo kitoe ofa mapema, kichunguze wa nyota tatu kwanza, na kiangalie alama ya kijani inayoonyesha kwamba kijana ni bora kuliko nyota zake. Mwenye alama nyekundu mwondoe ubaoni siku hiyohiyo. Ziara ya chuoni ni saa 40, na hapo kuna siri: mwalike kwotabeki (mrusha pasi) wiki ileile na mpokeaji pasi, wote watavutiwa zaidi. Ukiwaalika makwotabeki wawili pamoja, mvuto unashuka.

Sasa tuje kwenye namba inayowaliza watu: 85. Kabla ya msimu kuanza lazima kikosi kishuke hadi hapo, na anayezidi anakatwa, hata kama ulimpigania mwaka mzima. Mgawanyo unaofanya kazi ni makwotabeki 4, wakimbiaji 5, wapokeaji 9, wapokeaji wa ndani 4, safu ya mbele ya ushambulizi 15, safu ya mbele ya ulinzi 15, walinzi wa kati 12, walinzi wa nyuma 15 na wapigaji mateke 2. Hizo ni 81, zinabaki nafasi 4 za dirisha la uhamisho. Safu ya mbele ya ushambulizi isiguswe kwa ubahili, kwa kuwa vijana wake huchelewa kukomaa na anayeingia leo mara nyingi hafai hadi mwaka wa tatu.

Kosa baya kuliko yote ni kusajili kundi kubwa mwaka mmoja. Linapendeza kwenye orodha ya viwango, lakini kundi hilo linahitimu pamoja na kuacha shimo. Lenga wapya 18 hadi 22 kila mwaka, na hesabu wanaoondoka kabla ya kufungua ubao: wahitimu, wanaowahi ligi ya kulipwa, na wanaohama kwa kuwa jambo wanalolithamini kuliko yote, mfano muda wa kucheza, halijatimizwa. Hapa redishati, yaani kumweka mchezaji akiba msimu mmoja, inasaidia sana. Kijana asiyezidi mechi 4 anabakiza mwaka wake wa kucheza, hivyo wapya watano wa nafasi moja unaweza kuwatenganisha wahitimu miaka tofauti.

Lawama yangu kwa waandaaji ni kwamba 85 hiyo ndiyo jumla ya kikosi chote. Uhalisia ulikuwa 85 wenye ufadhili, pamoja na wanaojigharamia, hivyo timu nyingi zilipita 100; na tangu msimu wa 2025, baada ya mahakama kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House (kuhusu malipo ya wanamichezo wa vyuo), kikomo kwa vyuo vilivyojiunga nayo ni wachezaji 105. Kwa hiyo majeruhi wawili wa safu moja wanauma zaidi kwenye gemu kuliko inavyokuwa kwa kocha wa kweli.

Inachezwa PS5 na Xbox Series X na S pekee. Mwenye PS4 au kompyuta asinunue diski hii.