Uzoefu wangu: dawa ya lehemu, mapaja yangu na lile dirisha la dawa Mtwara

"Babu, meza dawa. Hayo ya mtandaoni waachie watoto."

Hilo ndilo jibu nililopewa na kijana wa dirishani, mbele ya foleni nzima, nilipouliza kama maumivu ya mapaja yanaweza kuletwa na dawa ya kushusha lehemu, yaani mafuta ya kwenye damu. Nina miaka hamsini na kitu. Babu wa nani? Watu nyuma yangu walicheka, nami nikaondoka na kibahasha changu bila kujibu. Kituo sikitaji jina, kipo hapa hapa Mtwara mjini, na anayetumia kadi ya bima huenda keshasimama pale.

Dawa yenyewe ni simvastatini. Nilianzishiwa baada ya vipimo kuonyesha mafuta yamezidi kwenye damu, kipindi ambacho presha nayo ilikuwa haishikiki. Marehemu baba alianguka kiharusi, kwa hiyo daktari aliponiandikia sikubisha. Ila dirishani nilipewa vidonge vilivyokatwakatwa, ndani ya kibahasha cha plastiki. Boksi hakuna, karatasi ya maelezo hakuna, juu pameandikwa kwa kalamu "1 x 1". Basi. Nikawa nameza asubuhi na chai. Baadaye sana ndipo nikajua simvastatini humezwa usiku, kwa sababu ini hutengeneza lehemu nyingi usiku na dawa hii haikai mwilini muda mrefu. Neno moja tu, "usiku". Lingemmalizia wino?

Msimu wa korosho ukaingia. Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi, na vumbi la magunia likanipa kikohozi cha kukesha. Nikarudi kituoni, nikaandikiwa erithromaisini, dawa ya kuua bakteria. Dirisha lile lile, kadi ile ile, kijana yule yule. Kibahasha cha pili hicho, na hakuuliza natumia nini kingine. Haikupita wiki mapaja yakaanza kuniuma, nikichuchumaa kusoma mizani nainuka kwa kushika ukuta. Ndipo nikaenda kuuliza, nikaitwa babu.

Nilizitupa kando dawa zote mbili kwa hasira. Mpwa wangu anayesomea ufamasia alipokuja likizo akaona vile vibahasha kwenye dirisha la chumbani.

"Mjomba, hizi ulimeza pamoja?"

"Si nilipewa pamoja?"

Akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nianzishiwe dawa hii nikaelezwa kama mtu mzima. Erithromaisini huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja simvastatini ini likiifanyia kazi. Kikizuiwa, dawa hujazana kwenye damu kupita kipimo ulichoandikiwa, na misuli inaweza kuanza kuharibika, mabaki yake yakaenda kuumiza figo. Mkojo ukigeuka kahawia unakimbia hospitali, husubiri kesho. Hili si jambo la kubishaniwa na wataalamu, ni katazo lililoandikwa: dawa hizi mbili hazitolewi pamoja, simvastatini husimamishwa mpaka dozi ya erithromaisini iishe. Klarithromaisini, ndugu ya erithromaisini, hali kadhalika. Hata juisi ya balungi ina tabia hiyo hiyo. Akanitajia na serivastatini, ndugu ya hii yangu, iliyoondolewa sokoni mwaka 2001 baada ya watu kufa kwa misuli kuharibika, na baadhi yao walikuwa wameichanganya na dawa nyingine ya mafuta.

Nikamwambia basi, sitaki kuiona tena. Akasema, "Subiri Mjomba, bado sijamaliza."

Akanisomea kwenye simu utafiti wa nchi za kule Skandinavia uliotolewa mwaka 1994. Watu 4,444 wenye ugonjwa wa moyo, nusu wakipewa simvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitano na ushee, upande usio na dawa walikufa 256, upande wa dawa 182. Mimi kazi yangu ni kusoma tofauti za namba, na hiyo si tofauti ya kuizomea. Uingereza nao, mwaka 2002, walitoa wa watu zaidi ya 20,000, na faida ikaonekana tena. Nikauliza habari ya sukari, maana jirani yangu anaapa kwamba dawa hii inaleta kisukari. Kumbe hana uongo, ila hana kipimo: mwaka 2010 watafiti walikusanya majaribio mengi wakakuta kwamba ukiwapa dawa za ukoo huu wa simvastatini watu 255 kwa miaka minne, mmoja zaidi atapata kisukari. Alinieleza pia, bila kunifichia, kwamba kwa mtu ambaye hajawahi kuugua moyo wala kiharusi, kama mimi, faida ipo lakini ni ndogo kuliko kwa wale wa Skandinavia, na uamuzi unategemea presha, umri, sigara na mambo ya ukoo. Dakika chache tu, tumekaa barazani. Hivi kituo kizima hakina mtu wa kusema hayo?

Kilichonifurahisha, samahani naenda pembeni, ni asili ya dawa hizi. Mjapani mmoja, Akira Endo, alichunguza aina kama 6,000 za ukungu na vijidudu vya namna hiyo, na mwaka 1973 akapata alichokitafuta kwenye ukungu wa mchele. Ukungu! Sisi ghalani tukiuona kwenye korosho tunashusha daraja na wakulima wanatutukana.

Sasa lile lililonikera kuliko yote. Mpwa akaendelea kusoma. Mwaka 2022 watafiti wa Oxford walijumlisha majaribio 19 ya dawa za ukoo huu, yenye watu karibu 124,000. Waliomeza dawa, 27.1% walilalamika misuli kuuma au kukosa nguvu. Waliomeza kidonge kisicho na dawa, 26.6%. Yaani maumivu mengi yanayosingiziwa dawa si ya dawa. Na London, mwaka 2020, walichukua watu 60 walioacha dawa hizi kwa sababu ya madhara, wakawapa kwa mwaka mzima kwa zamu: mwezi huu dawa, mwezi ule kidonge kitupu, mwezi mwingine chupa haina kitu. Sehemu tisa kati ya kumi za mateso waliyoyasikia kwenye dawa waliyasikia na kwenye kidonge kitupu. Walipoonyeshwa matokeo yao, nusu wakarudi kumeza.

Kwa hiyo yule kijana wa dirishani, kwa namba, alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa sahihi! Nilitamani kuirusha simu. Awe sahihi bila kujua kwa nini, tena kwa dharau? Halafu nikatulia nikaona hapana, hayupo sahihi hata kidogo, maana hao wa Oxford hawakuwa wakizungumzia watu waliopewa erithromaisini juu yake. Mpwa mwenyewe anasema hatuwezi kujua sasa. Huenda ni mchanganyiko ule, huenda ni magunia niliyokuwa nasaidia kupakia, huenda ni umri. Kipimo cha damu cha misuli kingefanywa siku ile ile niliyouliza tungejua, lakini siku ile ile niliitwa babu.

Nilirudi pale na vibahasha vyote viwili. Kijana akaviangalia, akasema, "Lakini hukusema kama una dawa nyingine." Nikamwonyesha mwandiko. Ni wake. Akaita anayefuata.

Mkulima akinijia kwamba kilo zake zimepungua, hata awe amelewa, namwita aje asimame mbele ya mizani aone mwenyewe uzito wa gunia tupu. Sijawahi kumwambia mkulima hayo waachie watoto. Angenipiga.

Kwa anayetaka kujua kuhusu dawa: daktari wa sehemu nyingine ameipitia historia yangu na ya baba, nimerudishwa kwenye simvastatini, nameza usiku, na vibahasha vyote natembea navyo. Mapaja yanauma siku moja moja. Dawa naipa nyota nne. Tatu siku ambazo mapaja yanauma, ingawa najua huenda naionea.

Kituo nilitaka kukipa mbili kwa sababu ya daktari, ambaye kuandika simvastatini hakukosea. Lakini erithromaisini aliiandika nani? Si yeye huyo huyo, na faili langu liko mezani? Basi moja. Na hiyo moja isihesabiwe kuwa ya dirisha, ni ya yule sista wa chumba cha presha, anayemwamkia kila anayeingia na kumwambia namba zake.