Uzoefu Wangu: Kukodi Boti na Mvuvi Mwenyeji ili Kulijua Ziwa Tanganyika, Kigoma

Kwa mtu aliyezoea kuvua baharini na anayetaka kujaribu Ziwa Tanganyika kwa mshipi au kwa fimbo, huduma ya kukodi boti pamoja na mvuvi mwenyeji pale Kigoma inastahili fedha yake, na ningemshauri ailipie kabla hajanunua hata ndoano moja mpya. Nasema hivyo nikiwa mvuvi wa kujifurahisha kutoka Tanga, ambaye kwa miaka mingi nimefuata samaki kama changu na kolekole kwa hesabu ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hubadilika kidogo tu). Boti niliyokodi ilikuwa ya mbao, yenye injini ya kufunga nyuma, ikiongozwa na mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akivua dagaa usiku, akisaidiwa na kijana mmoja wa nyumbani kwake. Sitawataja kwa majina, kwa kuwa kazi yao ni ya kuelewana ana kwa ana, na kwa kuwa ninayo manung'uniko kadhaa nitakayoyaeleza mbele.

Huduma yenyewe haina ofisi wala kipeperushi. Unafika Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, kwenye mwalo, yaani ufuko ambapo boti za uvuvi hushusha samaki, unaulizia boti ya kuvulia kwa mshipi, na baada ya kupokezana salamu unaelekezwa kwa mwenye nafasi. Tuliafikiana shilingi 90,000 kwa siku, mafuta yakiwa juu yangu, na kazi ya usiku ikahesabiwa peke yake kwa sababu ya taa. Kwa bei hiyo nilipata boti, watu wawili, chambo cha asubuhi, na mafunzo ambayo mzee aliyatoa bila haraka, ingawa hakuyaita mafunzo.

Swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu wa pwani yeyote angeliuliza, yaani maji yanajaa na kupwa saa ngapi. Mzee alitabasamu akaniambia, "Bwana, hapa maji hayaendi popote. Wewe hesabu giza." Katika sentensi hiyo kulikuwa na nusu ya yote niliyojifunza. Mwezi una kazi kubwa Kigoma kama ulivyo nao Tanga, lakini kazi ni nyingine kabisa: kwetu unavuta maji, na huko unazima taa za wavuvi. Dagaa wa Tanganyika, ambao ni ndugu wa mbali wa dagaa wa baharini, hushuka kina mchana na kupanda usiku wakiwafuata vijidudu wanaowala. Katika usiku wenye giza taa huvikusanya vijidudu hivyo, navyo huwavuta dagaa, na nyuma ya dagaa huja migebuka, samaki wakubwa zaidi wanaowawinda. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga hutawanyika juu ya ziwa lote, taa hukosa nguvu, na boti nyingi hubaki ufukweni huku wenyewe wakishona nyavu. Kwa hiyo kalenda niliyoizoea ilinisaidia, mradi niisome upya: siku za mwezi mpevu, ambazo kwetu ni za bamvua na mkondo mkali, huko ni za kupumzika au za kuvua mchana kando ya miamba.

Fundisho la pili lilihusu kina. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu zaidi, likiwa la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na mvuvi wa bahari akisikia hivyo huwaza moja kwa moja chubwi zito, yaani uzito wa kuzamisha ndoano, na mshipi mrefu kwa ajili ya samaki wakubwa wa chini. Ukweli ni kwamba tabaka la chini la Tanganyika halina oksijeni. Maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu, hivyo ukipita takriban mita 100 katika sehemu za kaskazini, au 200 na zaidi kidogo kusini, hakuna samaki anayeweza kuishi. Mzee hakutumia neno oksijeni. Alisema tu kwamba chini ya pima hamsini, pima moja ikiwa karibu mita mbili, "unavua maji matupu". Mshipi wake wa mkono ulikuwa na vifundo vya uzi mwekundu kila baada ya pima kumi, naye alinifunza kuhesabu vifundo hivyo kwa vidole gizani, vikipita kimoja kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, na kusimama kwenye cha tatu au cha nne kutegemea mahali tulipo. Nimevua kwa miaka mingi bila kuweka alama kwenye mshipi, kwa sababu baharini chubwi likigusa mwamba umefika. Huko, karibu na rasi zenye miamba, sakafu huporomoka ghafla kiasi kwamba boti ikisogea kidogo tu chubwi halipati pa kugusa, na bila vifundo mtu hajui kama chambo chake kiko mbele ya samaki au kimeshawapita.

Usiku tulioutumia karibu na boti za kipe ndio ulionipa thamani kubwa zaidi. Kipe hushusha wavu chini ya taa, husubiri dagaa wakusanyike juu yake, kisha huunyanyua. Sisi tulisimama mbali kiasi cha kutowaudhi, maana kuvua ndani ya mwanga wa mtu mwingine bila ruhusa ni jambo la kuleta ugomvi, na mzee alipaza sauti kuomba kabla ya kushusha mshipi wa kwanza. Ukingoni mwa mwanga, pale maji yanapoanza kuwa meusi, ndipo migebuka hupita. Tulitumia mshipi mmoja wenye ndoano kadhaa ndogo, kila moja ikiwa imefungwa nyuzi nyeupe badala ya chambo, ukivutwa juu kwa mikato mifupi na kuachwa ushuke. Mgebuka ni wa ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria, lakini ni mwembamba na mwepesi zaidi, na hapigi kwa kishindo: mshipi hulegea tu, kana kwamba chubwi limekatika, kwa sababu amechukua ndoano akiwa anapanda. Nilichelewa kuielewa dalili hiyo hadi kijana aliponishika mkono na kunionyesha wakati wa kuvuta.

Sangala, ambaye ni ndugu mkubwa wa mgebuka, hatukumpata kwa mshipi wangu. Alipanda mmoja kwenye mshipi wa kijana karibu na alfajiri, akiwa amekula dagaa mzima tuliyemfunga ndoano kupitia machoni. Dagaa wa chambo ni laini mno, na ukimshika vibaya magamba yote hubaki vidoleni kama unga wa fedha, kisha samaki hamtaki tena. Kwa hiyo tuliwapokea moja kwa moja kutoka kwenye boti za kipe zilipokuwa zikirudi mwaloni, tukawaweka kwenye ndoo yenye maji ya ziwa, na tukawashika kwa kitambaa kilicholowa.

Mchana ni habari tofauti. Maji ya kando ya miamba ni maangavu kiasi cha kuhesabu mawe mbali chini ya boti, jambo linalopendeza macho na kumsumbua mvuvi, kwa sababu mshipi mnene wa baharini huonekana na samaki huukwepa. Mzee aliniazima mshipi mwembamba, nami baadaye nilinunua wangu sokoni. Tulirambaza, yaani kukokota chambo bandia nyuma ya boti kwa mwendo wa polepole, tukifuata mstari ambapo mchanga unakutana na mawe. Hapo huishi kuhe, mmoja wa samaki wakubwa zaidi katika jamii ya sato na perege duniani, ambaye hula samaki wenzake na hupiga chambo kwa hasira. Katika ghuba moja ndogo tuliona dume na jike wakizunguka juu ya wingu la vifaranga, na kila samaki mdogo aliyesogea alifukuzwa. Mimi nilikuwa nimeshainua fimbo. Mzee alizima injini, akachukua kafi na kutuondoa pale taratibu, akisema, "Hao wana watoto, tutafute wengine." Kuhe hulinda vifaranga kwa wiki nyingi, na ukiwatoa wazazi, vifaranga huliwa karibu mara moja. Sikutegemea kupata somo hilo kwa mtu ambaye kipato chake kinategemea mteja kurudi na samaki, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko idadi yoyote ya samaki. Tulimpata kuhe wetu mbele zaidi, mwenye tumbo la manjano na urefu unaozidi kidogo kiwiko hadi ncha za vidole, akapikwa jioni kwa mawese na kuliwa na ugali wa muhogo.

Sasa manung'uniko. Boti ilikuwa na majaketi mawili ya kuokolea kwa watu watatu, na moja lilikuwa na kifungo kilichovunjika; hili si dogo, kwa sababu mawimbi ya Tanganyika ni mafupi na yenye kuta, hayana ule mwendo mrefu wa mawimbi ya bahari unaompa nahodha nafasi ya kujipanga, na upepo wa mchana, hasa miezi ya kiangazi, huinuka upesi. Mzee alikuwa mwangalifu, akiturudisha kila alipoona maji yakibadilika rangi upande wa mbali, lakini uangalifu wa nahodha hauchukui nafasi ya jaketi. Hesabu ya mafuta nayo ilikuwa na utata: tulikubaliana ninunue mimi, kisha nikaombwa kuongeza bila kuonyeshwa yaliyobaki. Na taa ya betri tuliyopewa usiku wa kwanza ilififia kabla ya saa nane, jambo lililotulazimu kutegemea ukarimu wa majirani. Mambo haya yote yanaweza kumalizwa kwa mazungumzo ya dakika chache kabla ya kulipa, na ningemtaka yeyote anayekwenda ayafanye akiwa bado ameshika fedha zake.

Kuna taratibu pia. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, nayo inahitaji leseni. Ulizia kwa ofisa uvuvi mwaloni kabla ya kuingia majini, na usikubali kuambiwa kwamba mgeni wa fimbo hahusiki. Kuelekea kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na nahodha mzuri hugeuza boti kabla ya mipaka yake. Muhimu kuliko yote, hakikisha ziwa halijafungwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, na mtu aliyelipia safari ndefu kutoka pwani katika miezi hiyo angebaki kutazama ziwa tu.

Huduma hii haimfai anayetaka kiti cha kuzunguka, kivuli na vinywaji baridi, wala anayepima siku kwa kilo. Inamfaa mtu mwenye subira ambaye angependa kurudi mara ya pili akiwa anaweza kuchagua mwenyewe usiku, mahali na kina. Nami nikirudi, nitapanga siku mbili za mwanzo ziwe za mchana kandokando ya miamba na zinazofuata ziwe za giza, nitabeba jaketi langu, na zana nzito za nguru nitaziacha nyumbani. Kuhusu kusafirisha samaki, barafu inapatikana mjini lakini haitoshi kwa njia ya kwenda Tanga. Migebuka iliyokaushwa kwa moshi, ambayo akina mama huuza palepale mwaloni, ilifika nyumbani ikiwa salama.