Sosi ya kari isiyochoma: nimefungua chupa tatu hapa Lubumbashi

Ba mama, ba papa, ba yaya, karibuni tena kwenye mbabula yangu, jiko langu la makaa. Mnanijua: mtoto wa Lubumbashi kabisa, na pilipili siiwezi. Nyumbani napakuliwa kwanza, ndipo sufuria inatiwa pilipili, na mama mkubwa ananiita mgonjwa.

Leo chupa ni tatu: korma, tikka masala, na hii madras. Zote ni sosi za kari, mchuzi wa viungo wa Kihindi. Madras naisukuma pembeni sasa hivi. Ina jina la zamani la ule mji wa India uliobadilishwa jina kuwa Chennai mwaka 1996, na kwenye chupa jina hilo ni onyo, sawa na vindaloo, kari nyingine kali. Ukiliona, pita.

Sasa kinachonikera. Nasogeza kamera. Mnaona hiki kipilipili kimoja kwenye etiketi? Eti maana yake haichomi. Kimoja kwa ulimi wa nani? Hakuna kipimo kinachowafunga wote, kila kiwanda kinachora kinavyotaka. Sosi zinatufikia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka kusini, na mtu aliyekulia kwenye kari kali ya Durban, Afrika Kusini, akikwambia "haichomi", wewe chota maziwa kabisa. Mwezi uliopita nilinunua ya kipilipili kimoja, nikatoka machozi mbele ya wageni, wakadhani nimepata habari ya msiba.

Basi geuza chupa. Huku nyuma viungo vinapangwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Korma hii: maji, krimu, vitunguu, nazi, korosho... pilipili natafuta, natafuta... ile pale, chini kabisa, baada ya chumvi. Madras: nyanya, vitunguu, mafuta, pilipili. Ya nne! Mimi hapo narudisha chupa kwenye rafu.

Na rangi, jamani. Kuna mwenzetu wa chaneli nyingine anasema kila sosi nyekundu inachoma. Si kweli. Wekundu wa tikka masala hii ni nyanya na paprika, unga wa pilipili tamu. Pilipili ya unga ikiwa kidogo tu, wala huioni, na ndiyo inayouma.

Tuonje. Kijiko cha tikka, baridi, moja kwa moja toka chupani. Hm. Tamu, ka uchachu kidogo, moto hakuna. Wengi wanaishia hapa na kutangaza ushindi. Subirini nipashe. Makaa haya yana maji, nisameheni... haya, angalieni ukingoni, mafuta yanajitenga, rangi ya chungwa. Napuliza. Naweka ulimini. Moja, mbili, tatu, nne, tano... hapo! Nyuma ya koo kumewaka kidogo. Sosi ile ile! Ulimi unatambua joto na pilipili kwa njia moja, kwa hiyo chakula cha moto kinazidisha ukali. Usihukumu kari kwa kijiko cha baridi.

Ikikuzidi, usikimbilie maji. Ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, maji yanautembeza tu mdomoni. Maziwa, mtindi, au hii: kijiko cha karanga za kusaga, za soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Nakoroga... naonja... kimya! Korma inalainishwa kwa korosho au lozi, sisi karanga tunazo, tunaogopa nini?

Bei: dola 6 chupa moja, na inatosha watu watatu wasio na tamaa. Kwangu ni ghali. Video hii nilitaka kuipa korma ushindi, hata kichwa nilishakiandika, lakini nimeichovya na bukari, ugali wetu, na sasa moyo umegeuka. Ni kama bukari na aiskrimu. Kwa wali, sawa, korma. Kwa bukari nachukua tikka na karanga zangu. Labda na kuku korma itajitetea, sijui, leo kuku hakuna, pesa nimenunua mikro mpya ya sauti. Mnanisikia vizuri, si ndiyo?

Habari ya chaneli: video sasa ni Jumamosi, maana Ijumaa umeme unanikimbia. Kwa ajili hiyo hiyo sosi iliyobaki nitaila kesho, friji siiamini. Jumamosi tunapima ndakala, dagaa wetu, za aina nne. Madras hii mama mkubwa ameshaiomba. Ameonja, akauliza kama kuna yenye nguvu zaidi.